Uzi: Dodoso limemtia mama mkubwa uraibu wa meseji, mdogo wangu limemwacha. Kipimo hiki kinapima nini?

#1 MwanafunziMwera

Assalaam alaykum. Nina kazi ya chuo imenikaba, nimeona niilete hapa kabla sijaipeleka kwa msimamizi.

Natafsiri dodoso la kupima utegemezi wa meseji. Asili yake Japani, la Igarashi na wenzake, lilitoka 2008, walilitumia kwa wanafunzi wa sekondari. Masuali 15, kila moja unajipa alama kuanzia 1 mpaka 5. Yana mafungu matatu: unavyoumia usipojibiwa, unavyotumia kupita kiasi, na unavyohofia kwamba bila ya meseji watu watakupotea. Kabla sijaenda nalo skuli nikalijaribu nyumbani kwa watu wawili.

Wa kwanza mama mkubwa, miaka 58. Ndiye mshika daftari wa upatu wa wanawake 22, na harusi haifungwi mtaani bila ya yeye kuwemo kwenye grupu. Nikamuuliza, usipojibiwa meseji unahisi vibaya? Akaweka mwiko pembeni. "Mwanangu, mtu kala mkono wa kwanza wa upatu, mwezi wa pili namtumia hajibu. Nisihisi vibaya nina moyo wa jiwe?" Nikaandika 5. Unaangalia simu kila mara kuona kama imeingia meseji? "Nisipoangalia mie ataangalia nani?" 5 nyengine. Tukaenda hivyo hivyo mpaka chini.

Wa pili mdogo wangu, miaka 19. Huyu usiku mwanga hauzimiki ndani ya chandarua mpaka adhana ya alfajiri. Kila suali anajibu "kawaida tu", huku vidole vinaandika kwa mtu mwengine. Kapata 2, 2, 1, 2.

Kwa hesabu ya dodoso, mama mkubwa kaharibika na mdogo wangu mzima wa afya. Sasa niambieni: dodoso bovu, tafsiri yangu mbovu, au mama mkubwa kweli ni mraibu na mimi sitaki kukubali?

#2 Pweza Mkavu

Mama mkubwa apelekwe nyumba ya soba, kwa mateja. Lakini daftari la upatu aliache.

#3 BiMkubwa_Ngambo

Wewe Pweza, mkono wako ukifika ndiyo utajua nani mgonjwa. Mwanafunzi, hukumuuliza mama yako uraibu, umemuuliza kazi. Nenda kamuulize mwenye duka kama anaangalia droo ya pesa kila mara.

#4 Karafuu Kavu

Suali zuri. Niweke mambo machache kabla uzi haujaingia shamba.

Ukoo wa madodoso haya ujulikane. 1995 daktari mmoja wa akili wa New York, Ivan Goldberg, aliandika vigezo vya "uraibu wa intaneti" kwa mzaha, kuwacheka wenzake wanaoyapa maradhi majina. Watu wakaja kwake wanasema ndiyo, ninao. Mwaka uliofuata, na tena 1998, Kimberly Young akalifanya jambo la kweli: alichukua vigezo vya wacheza kamari, akaondoa kamari akaweka intaneti. Masuali manane, ukisema ndiyo matano basi. Baadae wengine wakaondoa intaneti wakaweka meseji. Lile ulilonalo ni tawi jengine, lakini mengi ya kupima "kulazimika kutuma meseji" ni wajukuu wa kamari.

Halafu 2005 Mark Griffiths, Mwingereza, akasema uraibu wowote wa tabia lazima uwe na mambo sita: jambo litawale fikra, libadilishe hali ya moyo, lihitaji kuongezwa kila siku, ukilikosa upate arosto (mateso ya kukosa), likugombanishe na watu au na nafsi yako, na ukiacha urudi. Ukikosa hata moja, hiyo ni tabia tu, si uraibu. Mpime mama mkubwa kwa hayo sita, usimpime kwa jumla ya alama.

#5 Pweza Mkavu

Kwa hiyo dodoso kanzu ya kuazima. Kashonewa mcheza kamari, kavalishwa mama wa watu.

#6 Dhumna Sitasita

Karafuu umenichekesha. Ngoja nami niondoe meseji niweke dhumna.

Je, unafikiria dhumna hata ukiwa kazini? Ndiyo. Unacheza muda mrefu kuliko ulivyokusudia? Kila siku ya Mungu. Umeshawahi kugombana na mke kwa ajili ya dhumna? Mwulizeni yeye. Umejaribu kupunguza ukashindwa? Nilijaribu Shaaban. Unacheza ili usahau shida? Sasa nicheze kwa nini?

Maskani yetu tuko tisa, sote wagonjwa, pamoja na Mzee Mwenyekiti, ambaye hana hata kitochi.

#7 Karafuu Kavu

#6 unatania lakini kuna watafiti Uingereza walifanya hivyo hivyo. Satchell na wenzake walilichukua dodoso la mitandao ya kijamii, palipoandikwa mtandao wakaandika "kukaa na marafiki", ana kwa ana. Waliojibu walikuwa 807. Kwa kiwango kile kile cha kukatia, asilimia 69 walitoka waraibu wa marafiki zao. Hoja yao ilikuwa kwamba kipimo kikimtia kila mtu maradhini, kasoro ni ya kipimo.

#8 Dhumna Sitasita

Asilimia 69 tu? Hao hawajakaa baraza ya Jaws Corner.

#9 Mwalimu Chaki

Mnacheka, mie nafundisha Fomu Tatu. Mtoto wa kike mmoja, hodari, aliporomoka masomoni kwa muhula mmoja. Simu hairuhusiwi skuli, lakini alikuwa anaandika meseji kwenye daftari la hesabu, kisha anazinakili akifika nyumbani. Nimeliona daftari kwa macho yangu: upande wa kulia maswali ya aljebra, upande wa kushoto "uko wapi", "mbona kimya", "nimekukosea nini". Siku nzima mistari kama hiyo, simu haipo. Niambieni huyo kazini, au kwenye upatu?

Kwangu mie hilo ni maradhi. Na WHO wameshaliandika.

#10 Karafuu Kavu

Mwalimu, la WHO nikusahihishe. Waliloandika ni maradhi ya kucheza gemu, kwenye ICD-11, orodha yao ya maradhi, iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Meseji haimo. Na hata hiyo gemu, kwa kawaida wanataka dalili zionekane kwa miezi 12 na maisha yaharibike kwa dhahiri. Wamarekani kwenye kitabu chao cha maradhi ya akili, DSM-5 cha 2013, waliiweka kamari fungu moja na dawa za kulevya, gemu za intaneti wakaziweka nyuma ya kitabu kwenye mambo ya kuchunguzwa zaidi. Meseji hapo pia haimo.

Ila la mtoto wako lina ushahidi wa namna yake. 2015 Lister-Landman na wenzake walipima wanafunzi 403 katika mji mdogo wa Marekani, darasa la nane na la kumi na moja. Waliona wingi wa meseji si kitu peke yake, kulazimika ndiko kulikokwenda pamoja na kuporomoka masomoni. Na ilionekana kwa wasichana tu, wavulana haikuonekana.

#11 Mwalimu Chaki

Ahsante kwa sahihisho. Lakini hapo umenipa haki.

#12 Popo wa Chake

Nusu haki. Walipimwa mara moja tu. Nani anajua kama meseji zimeshusha masomo, au masomo yamemshinda ndiyo akakimbilia meseji, au kuna kijana kamvunja moyo na vyote viwili vikaenda? Hiyo "nimekukosea nini" mie naisoma ni mapenzi. Zamani angeandika barua na kuipaka manukato, na mwalimu angeikamata vile vile.

#13 Miaka Sita Msafi

Nilikuwa nasoma tu, lakini mmetaja soba na arosto, hivyo ni vitu vyangu.

Nimetumia unga miaka kumi na moja. Arosto ni mifupa kuuma kama inakwaruzwa na kisu, pua zinavuja, miayo isiyokwisha, tumbo linaendesha, unaoga maji ya moto saa nane usiku unalia. Mtu kunyang'anywa simu akanuna, mkaiita arosto? Sikasiriki, lakini neno hilo mnalishusha thamani. Mtoto akisikia kwamba teja na anayechati ni kitu kimoja, ataona unga nao ni kama kuchati.

#14 Karafuu Kavu

#13 nakubali nimelitumia ovyo, samahani. Lakini kamari nayo haivujishi pua, na sasa iko fungu moja na unga katika kitabu chao. Hoja yao ni kwamba mwili si lazima uume.

#15 Miaka Sita Msafi

Wacheza kamari nimekaa nao soba. Wao walikuwa wameshauza kitanda. Wewe nionyeshe aliyeuza kitanda kwa ajili ya meseji.

#16 Pweza Mkavu

Bando lilivyo ghali siku hizi usimalize neno.

#17 Fundi wa Darajani

Niwape ya mezani kwangu. Natengeneza simu mwaka wa tisa huu, watu wanapokuwa hawana simu nawaona kuliko wake zao wanavyowaona.

Wengi wakiacha simu huenda zao, jioni wanarudi. Lakini kuna kundi. Jumanne alikuja bwana mmoja, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Nikamwambia kioo chake lazima kitoke Dar, siku mbili tatu. Akasema sawa. Akatoka. Dakika kumi karudi: hivi ukiiwasha haiwezi kusoma tu meseji bila ya kuandika? Haiwezi. Akatoka. Kabla ya adhuhuri karudi, safari hii kaniomba laini niitie kwenye kitochi changu, hapo hapo kwenye benchi, "niangalie moja tu". Nikampa. Hamna kitu. Akakaa. Mara anajipiga paja la kulia, anatia mkono mfukoni, mfuko mtupu, simu si iko mezani kwangu imefunguliwa utumbo! Nimehesabu, kajipiga paja mara nne kabla sijafunga kwenda kula. Saa tisa kaja tena.

Huyo si wa upatu, nilimuuliza. Anauza vipuri vya vespa.

#18 Karafuu Kavu

Kujipiga paja kuna utafiti wake, mtetemo usiokuwepo. Drouin na wenzake, 2012, wanafunzi 290 wa chuo Marekani: asilimia 89 walishawahi kuuhisi, kwa wastani kama mara moja kila wiki mbili. Lakini wengi wao hata hawakuona ni tabu. Kwa hiyo wenyewe hautoshi kumtia mtu uraibuni, ungetutia sote.

#19 Fundi wa Darajani

Mara moja kwa wiki mbili siyo mara nne kwa asubuhi moja, sheikh.

Na jambo jengine, Mwanafunzi. Acha kuuliza watu. Fungua simu yenyewe, kwenye mipangilio kuna orodha, saa ngapi WhatsApp, mara ngapi kioo kimewashwa. Watu wananiapia "mie simu sishiki kabisa", nikifungua naona saa sita kwa siku. Simu haina aibu.

#20 MwanafunziMwera

Fundi umenipa wazo. Nimefanya jana usiku. Mdogo wangu: saa saba na dakika arubaini kwa siku moja. Mama mkubwa: saa moja na robo, na nusu yake ni radio.

Kwa hiyo dodoso limesema kinyume kabisa na simu.

#21 Karafuu Kavu

Si wewe peke yako. Uingereza, 2015, Andrews na wenzake waliwawekea vijana 23 programu ndani ya simu kwa wiki mbili. Walikuwa wanaishika kama mara 85 kwa siku. Walipoulizwa wakakisia kama nusu ya hizo. Mishiko mifupi mifupi mtu haikumbuki, mkono unakwenda wenyewe. Ndiyo maana mdogo wako anasema "kawaida tu" na pengine hakudanganyi.

#22 BiMkubwa_Ngambo

Na saa saba zenyewe mnajuaje ni meseji? Mjukuu wangu anaacha simu ikisoma Qur'ani usiku kucha, kioo kinawaka. Atatoka naye mraibu.

#23 Mke wa Maskati

Salaam. Mimi ndiye mngenifunga kwa kipimo chochote. Mume wangu yuko Maskati mwaka wa nne, anarudi wiki tatu kwa mwaka. Asubuhi namtumia picha ya mtoto kavaa sare, yeye ananitumia chai yake. Mchana "umekula?" Usiku ndiyo nyumba yetu, iko ndani ya simu. Akichelewa kujibu siku ya joto kali, kule anakofanya kazi juu ya mapaa, mikono yangu inatetemeka, siwezi hata kukuna nazi. Kutawala fikra ipo, hali ya moyo ipo, arosto au muite mnavyotaka ipo, kugombana ipo, mama mkwe anasema nimeolewa na simu. Karafuu, kwa sita zako nimefeli nne.

Simu nikiizima nimeacha uraibu, au nimeacha ndoa?

#24 Karafuu Kavu

Dada, hapo sina jibu la kitabu. Billieux na wenzake waliandika 2015 wakiuliza hilo hilo, kama hatuyageuzi maisha ya kila siku kuwa maradhi. Walisema anza na mtu na sababu yake, usianze na orodha ya dalili uliyoazima kwenye dawa za kulevya.

#25 Popo wa Chake

#23 Mungu amrejeshe salama. Wewe huna tatizo la meseji, una tatizo la kilomita.

#26 Ntu wa Mkoani

Mie nnalo langu la baharini, halimo kwenye vitabu vya Karafuu.

Boti ya usiku, Unguja kwenda Mkoani. Mkiondoka Malindi kila ntu simu nkononi, mwanga tele kama karamu. Mkipita Nungwi mtandao unaanza kuja na kuondoka. Hapo ndiyo utaona mambo. Watu wazima wanapanda juu kwenye upepo, simu wameinua kama wanaomba mvua, kijiti kimoja kikija wote "nshapata!", kikiondoka wote wanabaki pale pale, hakuna anayeshuka. Hata mzee wa makamo nimemuona kajibanza kwenye reli nusura aanguke. Kisha katikati ya nkondo, mtandao hakuna kabisa. Robo saa haifiki, wote chini wamelala, mikoba kichwani. Hakuna aliyelia, hakuna aliyetetemeka. Mkiisogelea Pemba kijiti kimoja kikarudi, wote macho.

Sasa kama ni uraibu, mbona ikikosekana kabisa wanalala? Wasiolala ni pale inapokuja na kuondoka.

#27 Karafuu Kavu

#26 hiyo imo vitabuni tena zamani sana. Skinner, Marekani, alifanya na njiwa. Njiwa anadonoa kitufe, chakula kinatoka. Kikitoka kila akidonoa, akishiba anaacha. Kikikatwa kabisa baada ya hapo, anadonoa kidogo kisha anaacha. Lakini kikitoka kwa bahati nasibu, mara ya tatu, mara ya ishirini, anadonoa bila ya kuchoka, na hata ukikikata anaendelea muda mrefu. Mashine za kamari zinakwenda hivyo hivyo, na meseji ndiyo hivyo, hujui ipi itakuwa na kitu.

#28 Ntu wa Mkoani

Njiwa wa nini yakhe, si nshipi tu huo. Samaki wangekula kila ukitupa, nani angekesha baharini?

#29 Miaka Sita Msafi

#26 nimekuelewa, lakini jua kuna kitu. Teja naye akiwa mahabusu, anapojua hakika hakuna unga, hamu inapungua. Anapotoka na kuona kichochoro alichokuwa ananunulia, inarudi kama jana. Kwa hiyo kulala kwenye boti hakuthibitishi kwamba si uraibu. Nimejipinga mwenyewe, najua.

#30 Pweza Mkavu

Hii ndiyo raha ya jukwaa. Asubuhi simu si unga, jioni simu ni unga.

Mie nakumbuka giza kubwa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Zanzibar nzima hakuna umeme miezi mitatu. Simu zinachajiwa kwenye jenereta kwa pesa, zimepangwa kama dagaa kwenye uchanja. Mbona hatukufa? Hiyo ilikuwa soba ya kitaifa, tukatoka tukarudia siku ile ile.

#31 Ntu wa Mkoani

Zanzibar nzima ipi? Pemba tulikuwa na majenereta yetu Wesha, taa zinawaka kama kawaida. Waya wa baharini kutoka Tanga tumeupata 2010 hiyo hiyo baadae. Giza lenu msitugawie.

#32 Pweza Mkavu

Samahani jamhuri ya karafuu. Unguja nzima.

#33 Popo wa Chake

Halafu 2009 WhatsApp ndiyo kwanza imezaliwa, nani alikuwa nayo hapa? Ilikuwa meseji za kawaida, herufi 160 basi, na kubipu. Usilinganishe. Meseji ya kwanza yenyewe 1993 huko Finland ilikuwa neno moja.

#34 Karafuu Kavu

Tarehe 3 Disemba 1992, Uingereza. Neil Papworth, maneno mawili, "Merry Christmas", na aliandika kwenye kompyuta kwa sababu simu yenyewe haikuwa na mahala pa kuandikia.

#35 BiMkubwa_Ngambo

Meseji ya kwanza ni kanga. Nilipewa moja 1984 na mke mwenzangu, jina lake sitalitaja hapa kuna watoto. Sikujibu siku hiyo hiyo. Nilisubiri mpaka nipate duka lenye jibu lake, nikavaa nikapita mlangoni kwake mara tatu.

#36 Pweza Mkavu

Mara tatu! Uraibu huo bibi, tiki za buluu hazikutosha.

#37 Sheikh Baraza

Nimechelewa kuingia. Mwanafunzi, nimesoma mafungu yako na lile la tatu lina kasoro kwetu. Ukimuuliza mtu wa hapa "kutojibu meseji unaona ni kosa?" atasema ndiyo. Kuanza salamu ni suna, kuijibu ni wajibu, na meseji zetu zote zinaanza na salamu. Anayejipa 5 pale kakuonyesha adabu yake, wewe umemwandikia maradhi. Mjapani alikuwa anapima hofu ya mtoto kupoteza marafiki. Wewe umepima malezi.

Ila sisemi hakuna tatizo. Mwaka juzi nilikaa itikafu, kijana mmoja kila nusu saa anakwenda kutia udhu. Tukasema mashaallah, udhu wake haukai. Kumbe simu kaificha juu ya tangi la maji.

#38 Dhumna Sitasita

Huyo dodoso halimuhitaji.

#39 MwanafunziMwera

Sheikh, hilo la salamu sikuliona kabisa, ahsante sana. Na tafsiri nayo ilinichezea. Nilipoandika "mraibu" juu ya karatasi, mama mkubwa alidhani nimemwita teja, akasoma masuali yote kwa hasira. Nikafuta, nikaandika "kushindwa kujizuia". Akaniambia, "Mimi sijashindwa, sijajaribu."

Halafu kuna jambo la alama. Nimewajaribu na jirani wanne. Hakuna anayechagua "mara zote" wala "hata kidogo". Wote "wakati mwengine". Mmoja kila suali ananiambia, "weka unavyoona wewe".

#40 Mwalimu Chaki

Hiyo ni heshima. Hataki kukuvunja moyo. Hata mitihani wananijibu hivyo.

Mie bado nashikilia. Yatoeni masuali yote bakisha moja: kimeharibika nini? Mtoto wangu kaharibikiwa masomo. Bwana wa vipuri kaacha duka siku nzima kukaa kwenye benchi la Fundi. Mama wa upatu pesa zimefika. Kipimo hicho hapo.

#41 Mke wa Maskati

Mwalimu, mimi kwako niko wapi? Nimeunguza wali mara mbili mwezi huu, mtoto kachelewa skuli mara moja. Na ndoa ipo.

#42 Mwalimu Chaki

Dada hapo umenikwamisha.

#43 BiMkubwa_Ngambo

Wali ukiungua tia kipande cha mkate juu ufunike, harufu inaondoka.

#44 Popo wa Chake

Kipimo cha Mwalimu kinamsubiri mtu aharibikiwe kwanza. Na aliye tajiri, wa kumpikia na wa kumpelekea watoto skuli? Ataandika meseji mpaka aote sugu, haharibikiwi kitu, basi mzima? Mimi naona ni upweke tu, na upweke hauna dodoso la Kiswahili.

#45 Karafuu Kavu

Madodoso ya upweke yapo tele.

#46 Popo wa Chake

Nilijua tu utasema hivyo.

#47 MwanafunziMwera

Nimezungumza na msimamizi. Kasema fungu la tatu libaki lakini lihesabiwe mbali, niongeze daftari la wiki moja ambapo mtu anaandika kila meseji ilikuwa ya nani na ya nini, na wakiridhia nichukue saa kutoka kwenye simu. Mama mkubwa kashaanza daftari. Siku ya kwanza kaandika kurasa tatu, na kwa kila jina kaongeza anadaiwa kiasi gani. Mdogo wangu kaandika mstari mmoja: "nimechati."

Fundi, yule bwana wa Jumanne anaweza kuridhia kujibu masuali? Jina sitalitaka.

#48 Fundi wa Darajani

Kioo kilifika Alkhamisi, simu yake iko tayari tangu juzi, imejaa chaji. Nimempigia kwenye laini haipatikani. Hajatokea kabisa, na mie nilidhani atanisubiri mlangoni asubuhi.

#49 Pweza Mkavu

Kanunua nyengine huyo.